Aliyeipa Kamera Mgongo

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Nasema mapema ili msomi akikuta kosa humu acheke mara moja, kisha aendelee kusoma. Lakini matofali nayajua. Nimefyatua matofali tangu sijaota ndevu, kwanza kwa miguu na mikono yangu mwenyewe mtoni, baadaye nikiwa na watu wangu na tanuri zangu. Nusu ya nyumba za upande wetu wa Milanzi zimesimama kwa udongo nilioushika mimi. Nusu nyingine ndizo zenye nyufa.

Kwa hiyo katekista wetu hakukosea njia siku ile alipofika barazani kwangu na simu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni habari ya kwaya, sirudi."

"Si kwaya mzee. Hata wao hawajasema urudi. Ni picha."

Kigango chetu kilikuwa kinajiandaa kwa jubilei, na katekista alikuwa amepewa kazi ya kupanga ukuta wa historia pale ukumbini: picha za zamani, na chini ya kila picha maandishi ya nani ni nani. Padre mmoja kijana wa kwetu, aliyekwenda kusoma Ulaya, alikuwa amekuta picha kwenye makaratasi ya wamisionari wa kwanza, akairusha kwa WhatsApp. Nyuma ya picha mpigaji alikuwa ameandika kwa lugha yake maneno ambayo padre aliyatafsiri hivi: wafanyakazi kando ya mto. Basi. Wafanyakazi gani, mto gani, hakuona haja ya kusema.

Katekista alikuwa tayari ameandika maelezo yake kwenye daftari. Akanisomea kwa sauti ya kanisani: "Waamini wa kwanza wakisali kando ya mto."

Nikavaa miwani yangu. Nikaivua, nikavaa ya mke wangu, ambayo ndiyo nzuri. Picha yenyewe kwenye simu ilikuwa ndogo kama stempu. Niliona mto mwembamba wenye matete. Niliona watu saba wamechuchumaa, vichwa chini, viganja vimekutana. Nyuma yao kulikuwa na rundo jeusi. Na kule pembeni, karibu na matete, mtu mmoja mrefu amesimama peke yake, ametupa mgongo.

"Hawa hawasali," nikasema.

"Mzee, tazama viganja."

"Wewe ukisali unachuchumaa? Anayesali anapiga magoti. Siku ukichuchumaa mbele ya altare, mwite daktari kwanza."

Nikamwonyesha. Lile rundo aliloliona kama kichuguu lilikuwa udongo uliokandwa. Vile visanduku viwili vya mbao ni vibao vya kufyatulia. Na zile nyasi zilizolala mstari mrefu si nyasi za bure, chini yake kuna matofali mabichi yaliyofunikwa yasipasuliwe na upepo. Kila kitu cha kazi kilikuwapo isipokuwa kazi yenyewe.

"Sasa kama ni wafyatua tofali, mbona hawafyatui?"

"Wanasalimia."

Huyu katekista kakulia mjini, watu wake ni wa kutoka mbali, hajui. Kwetu Ufipa mtu wa zamani hakusalimia kwa kuinua kidole kama kijana wa bodaboda. Aliacha jembe, akachuchumaa, akainamisha kichwa, akapiga makofi ya polepole, akauliza habari za mtu, za mke, za watoto na za shamba, na yule mwingine naye akauliza zote kurudisha. Ukimkuta mtu mwenye haraka ni lazima haraka ya mmoja wenu ife. Nikamwonyesha katekista chini kabisa ya picha: kuna kivuli kimeingia, kivuli cha mtu mwenye kofia pana na sanduku la miguu mitatu. Ni mpiga picha. Mzungu wa watu kasafiri na sanduku lake apate picha ya watu wakifanya kazi, kafika tu, wote wameacha kazi wanamwamkia. Nadhani alisubiri. Nadhani aliwaambia kwa ishara waendelee, nao wakaona ishara ni salamu ya kwao, wakapiga makofi zaidi. Mwisho akachoka akabonyeza.

Ili aelewe vizuri, nikachuchumaa pale barazani nimwonyeshe. Kuchuchumaa nilichuchumaa. Kuinuka ndiko kulikuwa na mgogoro. Goti la kulia likagoma, la kushoto likaliunga mkono, nikabaki chini napiga makofi ya kuomba msaada, na katekista, maskini, akidhani bado ni mafundisho, akachuchumaa mbele yangu akapiga ya kwake. Mke wangu akatoka jikoni akatukuta.

"Mnafanya nini?"

"Historia," nikasema. "Nivute."

Nilipokwisha kuvutwa ndipo nikamtazama vizuri yule aliyesimama.

Babu yangu mzaa baba sikumwona. Hakuacha picha, na kaburi lake watu wasiojua walikwisha kulilima mahindi. Kilichobaki ni maneno ya baba: kwamba alitoka Mwazye na jembe na mkeka, akakanyaga udongo wa matofali ya kanisa letu la kwanza, na kwamba alikuwa mrefu, bega la kushoto limeshuka. Nami hilo bega ninalo. Fundi cherehani wangu analijua, huniwekea pamba upande mmoja.

Yule mtu wa kwenye picha bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka.

Sasa lazima mjue na upande wa pili. Kaka wa mke wangu, shemeji yangu, ni wa ukoo unaojiita wenyeji. Tangu nimwoe dada yake, kila kwenye pombe ya ulezi, kila kwenye matanga, ananiambia neno hilohilo: "Kanisa tulijenga sisi. Ninyi mlikuja na mkeka mkakuta tunaezeka." Mimi nimejenga nyumba yake, na bado ananiambia hivyo akiwa ndani yake. Nilitaka kitu kimoja tu katika jubilei ile. Babu yangu awe ukutani, kwa maandishi, kabla mimi sijazikwa.

"Andika," nikamwambia katekista. "Aliyesimama ni babu yangu. Alikuwa msimamizi. Ndiyo maana hakuchuchumaa. Anatazama ng'ambo, anapanga kazi."

"Mzee, ngoja tuitishe kikao. Wazee wote waseme."

"Wazee wote wanajua nini?"

Alikuwa ameshapanda baiskeli.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya misa. Katekista alikuwa ameitoa picha kwa mtu wa steshenari kwenye karatasi, imekuwa kubwa lakini na ukungu, kama inatazamwa kupitia moshi. Nikasimama nikasema yangu. Makofi ya salamu, kivuli, vibao, nyasi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilipofika kwa babu, shemeji yangu akanyanyuka bila kuitwa.

"Shemeji, kwa udongo nakuheshimu," akasema. "Lakini huyo ni babu yetu. Tazama masikio."

Kweli yalikuwepo masikio. Ukoo wao wote wana masikio ya kutoka nje, kana kwamba mtu aliwabeba kwayo walipozaliwa.

"Hiyo ni karatasi imekunjamana," nikasema.

"Imekunjamana pande zote mbili sawasawa?"

"Tazama bega!"

"Bega gani? Mtu akisimama kwenye mteremko bega linashuka."

Nikaenda mbele, nikageuka, nikawapa kikao kizima mgongo ili waone bega. Shemeji naye hakukubali kuachwa, akaja akasimama kando yangu, akageuka, akajivuta masikio mbele ili yaonekane vizuri kwa waliokaa nyuma. Tukasimama hivyo wazee wawili tumekodolea macho ubao wa matangazo ya jumuiya, watu wakitulinganisha na karatasi. Kicheko cha akina mama kilianzia kushoto kikaenda kulia.

"Mama, wewe useme," katekista akamwambia mke wangu. "Huyu ni mumeo, huyu ni kaka yako. Nani anafanana?"

Mke wangu akatutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nyuma," akasema, "wote suruali zimewalegea. Kwenye picha kavaa shuka. Siwezi kusema."

Ikaamuliwa tusubiri. Padre alikuwa ameahidi kutuma picha safi kwa kompyuta, na kijana mmoja wa Mbeya angeichapa kwenye turubai kubwa, bango la kutundika. Likija bango, ukweli utajulikana. Nilikubali haraka, maana sikuwa na shaka hata chembe.

Zile wiki za kungoja nilimlea babu yangu vizuri sana. Sokoni nilisema alikuwa msimamizi. Kufika stendi alikuwa msimamizi mkuu. Dereva mmoja wa lori la kwenda Kasesya alinipa lifti, na kabla hatujafika mbali babu alikuwa amekataa kumsalimia Mzungu kwa sababu Mzungu alichelewa kuleta vibao. "Wote walichuchumaa," nikamwambia, "yeye akampa mgongo. Mtu wa msimamo." Dereva akasema siku hizi watu wa namna ile hawapo. Nikamwambia mmoja yupo, umempakia.

Shemeji naye hakulala. Kwake yule mtu alikuwa katekista wa kwanza, amegeukia mashariki anasali kwa siri huku wenzake wakipoteza muda na salamu. Watu wa jumuiya yake walianza kusema tumwombee. Mke wangu alipika, na mara kwa mara alinitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni, yanapanda, na hana kijiko.

Bango likafika. Lilikuwa refu kama mlango. Tukalitandaza juu ya meza mbili za ukumbini, katekista anashika pembe moja, mimi nyingine, shemeji nyingine, na ya nne tukaiwekea ndoo. Kila kitu kilikuwa wazi mpaka ukaona vidole vya miguu vya wale saba, na udongo uliokauka kwenye vifundo. Nyuso hazikuonekana, wote wameinama kwa heshima mpaka unaona utosi tu. Nilifurahi: vibao vilikuwa vibao, matofali yalichungulia chini ya nyasi, na makofi yalikuwa makofi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa ameinama upande wa matete. Akavuta miwani yake kutoka usoni kwangu, akaivaa. Akainama tena. Mabega yakaanza kumcheza.

"Nini?" nikauliza.

Akaweka kidole kwenye bango, chini kidogo ya kiuno cha yule mtu, upande wa mbele. Jua la asubuhi lilikuwa limekipiga kitu chembamba, kimepinda vizuri, kinang'aa, kinaanzia kwake na kuishia kwenye matete.

"Huyu," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Huyu anakojoa."

Wote wakaja upande ule wa meza, ndoo ikaanguka, na bango likajikunja lenyewe kutoka pembe ile kama lina aibu. Tukalinyoosha. Hakikuwa kitu cha kubishana. Hata bega lilikuwa limeshuka kwa sababu inayoeleweka: mkono wa kushoto ulikuwa na kazi.

Shemeji yangu ndiye aliyepona kwanza. Akakohoa.

"Sasa nikilitazama vizuri," akasema, "hilo bega ni la kwenu kabisa."

"Bega? Uliniambia ni mteremko! Masikio hayo hapo, yamekuja makubwa kuliko ya kwenye karatasi!"

"Masikio hata tembo anayo. Wewe ndiye uliyesema mbele ya kikao ni babu yako. Imeandikwa."

"Na wewe ukasema anasali! Watu wamemwombea!"

"Msimamizi mkuu!"

"Katekista wa kwanza!"

"Chukueni mtu wenu."

"Mchukue wewe, kaka wa mke wangu, nimekuzawadia."

Katekista wa sasa, ambaye hakupenda jinsi cheo chake kilivyotumika, akanyoosha mikono. "Wazee wangu, tatizo ni dogo. Yupo pembeni. Nachukua mkasi, nakata huku, wanabaki saba. Wafyatua tofali wakisalimia. Picha nzuri, hakuna aibu mbele ya wageni."

Shemeji akasema hilo ni wazo la busara. Watu wakaitikia. Mkasi ulikuwa kwenye droo ya meza ileile, mtu akautoa. Na mimi, nasema wazi, niliitikia pia. Nilikwisha kufungua mdomo kusema kata.

Lakini macho yalikuwa bado yako kwenye bango, na macho yangu ni ya mtu wa udongo, hayawezi kukaa bure. Hata bila miwani yakaona miguu yake. Wale saba walikuwa na udongo mpaka vifundoni. Huyu alikuwa na udongo mpaka juu ya magoti.

"Subiri," nikasema.

Mtu aliyeajiriwa kufyatua anachafuka mikono na vifundo. Anayechafuka mpaka magotini ni mmoja tu: mkanyagaji, anayeingia shimoni kuukanda udongo kwa miguu. Nyasi kwenye picha zilikuwa kavu, vivuli virefu. Kipupwe, asubuhi. Yeyote aliyewahi kuingia shimo la udongo Ufipa asubuhi ya mwezi wa sita, maji yakiwa kama yametoka kwenye friji, anajua kitu gani humpata mtu. Kinakujia kila baada ya muda mfupi, na hakina adabu. Mimi mwenyewe nilipokuwa mkanyagaji niliyajua matete yote ya mto ule kwa sura. Nikawaambia hivyo, kwa sauti, ukumbini, mbele ya akina mama wa kanisa, na mzee mmoja kwenye kona, aliyekuwa mkanyagaji wangu zamani, akasema kwa uchungu, "Kweli tupu."

"Na tazameni maji," nikaendelea, maana sasa nilikuwa nimepata moto. "Pale kwenye jiwe, povu liko upande huu, ndiko maji yanakogonga. Maji yanakwenda kule. Wale saba wako juu, wanakochota maji. Yeye kashuka chini yao. Angeweza kukojoa hapohapo shimoni, wapo wanaofanya, nawajua na nyumba zenu zipo. Yeye katoka kwenye udongo wa kanisa, kapita wenzake, kateremka chini ya maji yao. Mzungu kaja yeye yuko katikati ya shughuli. Mlitaka ageuke amsalimie?"

"Asigeuke!" akasema mama mmoja kwa nguvu.

"Ndiyo maana hakugeuka. Hiyo ndiyo adabu. Mtu aliye katika hali ile hasalimii wala hasalimiwi, na wale saba wamejua, hakuna hata mmoja aliyemtazama. Wamefanya salamu yao na yake."

Katekista alikuwa bado ameshika mkasi. "Kwa hiyo mzee?"

"Kwa hiyo weka hicho kitu chini. Baba yangu aliniambia babu alikanyaga udongo. Hakuniambia msimamizi, msimamizi nimemtengeneza mimi stendi. Hapo kuna mkanyagaji mmoja. Andika ni babu yangu. Kama ni aibu, ni ya kwangu, nitaibeba kwa hili bega lililoshuka."

Nilikaa chini. Mke wangu akanirudishia miwani yake.

Kisha shemeji yangu akavuta kiti karibu na bango, akainama mpaka pua ikakaribia turubai, akakaa hapo muda.

"Lakini," akasema, "haya masikio..."

"Shemeji!"

"Nasema tu. Hata babu yetu alikuwa mkanyagaji. Bibi alisema alikuwa anakwenda sana haja ndogo. Dada, si unakumbuka bibi akisema?"

"Bibi alikuwa anasema juu yako," mke wangu akamjibu.

Tukaanza upya. Tuligombana mpaka mtu wa funguo akaomba kufunga ukumbi, tukatoka tukagombana uwanjani, na watu wakatuacha wakaenda kula. Katekista hakutuuliza tena. Siku ya jubilei bango lilikuwa ukutani, zima, halikukatwa hata ncha, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa: "Wafyatua tofali wa kanisa la kwanza wakimsalimia mpiga picha. Aliyesimama ni mkanyagaji udongo. Anagombewa na koo mbili."

Nilisoma mara tatu. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Shemeji alisimama upande wake wa bango tangu asubuhi, mimi wangu, na kila mgeni aliyefika kila mmoja wetu alimvuta kwake. Mgeni mmoja mama mtu mzima, baada ya kunisikiliza yote, akamtazama yule mtu, akanitazama mimi.

"Na alipomaliza," akauliza, "alikwenda kumsalimia Mzungu?"

"Alinawa kwanza," nikasema.

Kutoka upande wa pili shemeji yangu akapaza sauti kuwa kwao watu wote hunawa.